Kimraba cha Kijani

Siku ile fundi miwani alifunga duka mapema. Mteja wa mwisho, mzee aliyefuata lenzi zake za kusomea, aliambiwa arudi kesho, na fundi hajawahi kumfanyia mteja hivyo tangu ajue kusaga kioo. Mwenye hamu hana subira. Jua lilikuwa linaaga, na yeye alikuwa anaifuata kamera.

Tena kamera ya kweli, ya lenzi ya kuchomoa na kuchomeka, si simu.

Miaka yote alipiga picha kwa simu iliyopasuka kioo. Alipiga matone ya mvua dirishani, mikono ya wateja wakijaribu fremu, na binti yake akicheka na pengo lake wazi. Picha zilitoka na ukungu, na hilo lilimkera kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Mchana kutwa anawafanya watu waone vizuri, jioni anarudi nyumbani kutazama ukungu! Mumewe, dereva wa malori anayelala barabarani kuliko kitandani kwake, alimtania kwenye simu.

"Naona unaniletea mume mwenza."

"Huyu angalau hakoromi," fundi akamjibu, wakacheka.

Muuzaji alikuwa mjane, nyumba ya mwisho mtaani. Alimkaribisha sebuleni kukiwa na giza kidogo, wala hakuwasha taa. Kuta zilikuwa tupu, ila hapa na pale palibaki alama za mraba, nyeupe kuliko rangi yenyewe, palipokuwa pametundikwa picha. Mkoba wa kamera ulikuwa mezani. Mjane aliusogeza mbele kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesogeza sahani ya moto.

"Ilikuwa ya marehemu mume wangu," alisema. "Una watoto?"

"Mmoja. Wa kike."

Mkono wa mjane ulirudi juu ya mkoba, ukakaa hapo… halafu ukaondoka.

"Kuna mipangilio aliyoiweka humo ndani," alisema kwa sauti ya chini. "Usiiguse, mama. Iache hivyo hivyo."

Fundi aliitikia ndiyo, ndiyo, huku kidole chake kiko kwenye kitufe. Ungemwambia hata paa linaungua, angeitikia ndiyo.

Nyumbani hakuvua hata viatu. Binti yake alikuwa mezani na hesabu za shule. Watu wote wa jengo lile walimwita Pilipili, maana mdomo wake ulimtangulia kila alipokwenda. Mama mtu akamwelekezea kamera.

Kamera za aina hii zina akili. Ukizielekeza kwa watu, zinatafuta uso zenyewe, zinauwekea kimraba cha kijani, na picha ikishakaa sawa bila ukungu zinalia kidogo.

Kimraba kikatua usoni kwa Pilipili.

*Pip.*

"Cheka basi."

"Nicheke nini, na hesabu hizi?"

Kabla hajabonyeza, kimraba kikamwacha Pilipili. Kikateleza juu ya bega lake, kikapita kabati, kikaenda kusimama kwenye mlango wa ukumbini. Pale palikuwa na pazia tu.

*Pip.*

Fundi alitoa jicho kwenye kamera, akatazama pazia kwa macho yake. Halikutikisika. Alirudisha jicho, na kimraba bado kilikuwa palepale, kwenye kimo cha uso wa mwanamume mrefu. Alipiga. Pazia likatoka safi, ungeweza kuhesabu nyuzi zake, na Pilipili akatoka na ukungu kuliko wa simu.

Ikawa hivyo kila alipopiga. Kwenye ngazi za jengo, kimraba kilipanda juu gizani. Dukani kilikimbilia nyuma ya rafu za fremu. Na uani, mchana kweupe, kilisimama kando ya tangi la maji na kutulia kana kwamba kuna mtu anapigwa picha ya pasipoti. Fundi alikasirika kwanza, hofu ikaja baadaye. Hakuweza kukaa kitako. Alianza kula akaacha chakula, alianza kufagia akaacha ufagio katikati ya chumba. Mtu wa kazi yake haamini mashetani kabla hajaangalia skrubu.

Basi akaingia kwenye menyu, ukurasa hadi ukurasa. Hatimaye akafika mahali pa kuhifadhi nyuso. Unaiwekea kamera sura ya mtu wako, nayo popote itamtafuta yeye kabla ya wengine. Nafasi zilikuwa kadhaa, zote tupu isipokuwa ya kwanza.

Humo alikuwemo mwanamume. Alijipiga mwenyewe, kwa karibu mno, macho kayatoa na midomo kaibana kama mtu anayepita penye uvundo.

"Kumbe!" Fundi alicheka peke yake kwa jinsi alivyofarijika. Ndiye marehemu huyo! Kamera masikini ilikuwa inamtafuta mwenyewe, na kwa kumkosa ikababaika hata na mikunjo ya pazia. Ni kama mteja aliyevaa miwani ya jirani, lazima ajikwae.

Alimwita Pilipili, akamkalisha chini ya taa, akampiga uso vizuri. Kisha akaiweka sura ile juu ya ya marehemu, nafasi ya kwanza. Kamera ikauliza kama ana uhakika ya zamani ifutwe.

Ndiyo.

Harufu ikaja hapo hapo. Harufu ya nguo mbichi iliyofungiwa kabatini wiki nzima.

"Mama, nani kafungua dirisha?" Pilipili aliuliza, akajikunyata.

Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Picha zilizofuata zilikuwa nzuri kiasi cha kumtoa fundi machozi. Kila unywele wa kope ulionekana. Alizituma kwa mumewe, alizionyesha kwa wateja hadi wakachoka, na jirani wa chini akamwambia sasa umekuwa mpiga picha, karibu utatutoza. Lakini asiyesikia la mkuu huona makuu, na raha ile haikufika mbali.

Ilikuwa Jumapili, magharibi inaingia. Pilipili alikuwa bafuni, anaimba wimbo wa shule huku anajimwagia maji. Mama yake alikuwa sebuleni anafuta lenzi kwa kitambaa laini cha dukani. Akaiwasha kamera kuona kama doa limetoka.

*Pip.*

Kimraba kilikuwa kwenye kiti cha pembeni. Kiti kilikuwa kitupu.

Bafuni wimbo uliendelea. Maji yakamwagika, wimbo ukaendelea.

Alibonyeza, akaikuza picha kwenye skrini.

Pilipili alikuwa amekaa kwenye kiti.

Alikuwa amevaa giza, ukiweza kusema hivyo. Chini ya shingo hapakuwa na kitu cha kushika jicho. Uso ndio ulikuwa safi, kila unywele wa kope. Mdomo ulikuwa umefungwa, na Pilipili hajawahi kufunga mdomo mbele ya kamera hata mara moja.

Bafuni wimbo ukakatika.

Mlango ukafunguka. Pilipili akatoka amejifunga taulo, anatembea taratibu, mkono shavuni. Mama yake alimwelekezea kamera. Kimraba hakikuja. Alimsogelea, akarudi nyuma, akasogea tena. Kamera ilimpita mwanawe kama inavyopita ukuta.

"Mama," Pilipili alisema, na maneno yalitoka mazito, yamevimba, "uso wangu umekufa ganzi. Siwezi kucheka."

Fundi alimlaza kitandani, akamfunika, akatoka na kufunga mlango wa chumba. Akampigia mjane.

Simu ilipokelewa upesi mno.

"Umefuta," mjane alisema. Hakuwa anauliza.

"Nimefuta."

"Umemweka nani?"

"Binti yangu," fundi alisema. Mjane akaanza kulia polepole, kwa kwikwi za mtu aliyezoea kulia bila kusikika.

"Mama, nakusihi. Ni kitu gani?"

"Sijui. Wako waliosema tumetupiwa jini, wako waliosema kilikuwa kwenye nyumba kabla yetu. Tunachojua ni kwamba hakina sura. Kinatafuta. Kilimwanza mwanetu. Mume wangu alikiona ndani ya kamera tu… akakipa sura yake ili kimwachie mtoto."

"Kikamwachia?"

"Mtoto yupo, yuko kwa shangazi yake. Anacheka, anakula." Mjane alishusha pumzi. "Mume wangu alianza na ganzi."

"Nikiivunja?"

"Tuliwahi kuitupa. Kesho yake mtoto hakuweza kufumba macho. Tukaenda kuiokota."

"Nikifuta, nafasi ibaki tupu?"

"Kitachagua chenyewe. Nacho hakichagui watu wazima."

Hasira ikampanda fundi. "Na ulijua nina mtoto! Nilikwambia!"

"Nilikuwa nacho humu ndani kila jioni," mjane alinong'ona, "sikioni, ila nahisi kimesimama kinanitazama kwa macho ya mume wangu. Ukaja wewe, unacheka. Nikasema usipogusa kitu… Nisamehe, mama. Sikuweza tena."

Simu ikakatika.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Fundi hakumpigia mumewe, maana angemwambia angoje, na huyu mtoto hakuwa wa kungojewa. Hakutafuta mganga wala shehe wala mchungaji. Alisimama chini ya taa ya sebuleni, akaigeuza kamera imtazame. Aliinyoosha mbali kadiri mkono ulivyofika. Kwenye skrini iliyogeuzwa alijiona, na nyuma yake, begani, akamwona Pilipili asiye Pilipili, anamtazama kwa utulivu.

Harufu ya nguo mbichi ikajaa chumba. Alitoa macho, akabana midomo. Hapo ndipo alipoelewa kwa nini marehemu alipiga picha vile.

*Pip.*

Akaiweka nafasi ya kwanza, juu ya sura ya mwanawe. Kamera ikamuuliza kama ana uhakika.

Ndiyo.

Kitu baridi, chenye unyevu, kikampapasa shavu la kushoto, kikapita pua, kikapapasa la kulia. Kilipapasa bila haraka, kama yeye mwenyewe anavyompima mteja upana wa uso kabla ya kumchagulia fremu. Kisha kikamwacha. Taa ilikuwa inawaka kama kawaida na nje mtu akapita anapiga mluzi.

Chumbani Pilipili akapiga chafya. Kikafuata kicheko.

"Mama! Ganzi imetoka! Inawasha lakini imetoka!"

Fundi alikimbia. Mtoto alikuwa amekaa kitandani anajivuta mashavu, anajichekea kwenye kioo kidogo cha mkononi, mdomo umeshaanza kazi yake: ana njaa, kesho shule, nywele zake zimetimka, mwalimu atamfukuza, nani atamsuka? Mama yake alimwelekezea kamera. Kimraba kikatua usoni pake palepale, kikatulia. Hakujua kama anacheka au analia. Alimkumbatia hadi mtoto akalalamika anabanwa.

"Kaa chini hapo, uegemee kitanda," alimwambia. "Nakuja kukusuka."

Alikwenda jikoni kuchukua mafuta. Kitana alikikuta juu ya friji. Kwa mara ya kwanza tangu ainunue kamera ile, miguu yake haikuwa na haraka. Alisema moyoni kwamba yatakayokuja kwake yaje, atajua la kufanya. Mtu mzima ana siku nyingi za kupigana. Hata ganzi hakuisikia bado. Labda mashavu kidogo tu.

Aliporudi alisimama mlangoni.

Pilipili alikuwa ameketi kwenye zulia, ameegemea kitanda, macho ameyafumba, kichwa kimelala upande kwa raha. Nywele zake zilikuwa zimeshachanwa njia ya katikati. Fungu moja liliinuka lenyewe, likagawanyika mara tatu, likaanza kujisokota kuelekea kisogoni.

"Polepole, mama," Pilipili alisema. "Unanivuta."

Kifuani kwa fundi, kamera iliyoning'inia ikalia.

*Pip.*

Alitaka kumwita mwanawe. Alitaka kupiga ukelele wa kuamsha jengo zima. Midomo haikufunguka. Aliigusa kwa vidole, na vidole vikahisi ngozi, lakini ngozi haikuhisi vidole.

Msuko wa kwanza ukaisha. Ukaanza wa pili, nadhifu kuliko wa kwanza.

"Mbona umenyamaza hivyo?" mtoto aliuliza, macho bado kayafumba. "Nisimulie kitu basi, kama siku zote."

Kitandani, juu ya kichwa cha Pilipili, godoro likabonyea. Halafu sauti ya mama yake, ile ya kumbembelezea, ikaanza kusimulia.