Isizidi Lita Moja na Nusu

Kila asubuhi Mwadi alijaza maji chupa ya lita moja na nusu. Aliiweka mezani mbele ya mume wake, Tshibangu, kisha akakaa karibu naye kumenya viazi.

"Kunywa, papa. Ile njo dawa yako."

"Lakini nilishakunywa chai, chérie."

"Chai ni chai. Docteur alisema maji, un litre et demi!"

Tshibangu alicheka, akanywa. Walioana nyumbani, Likasi, wakazeekea ugenini, Berchem-Sainte-Agathe. Tangu moyo wake ulipoanza kuchoka, Mwadi hakumwacha hata kidogo. Mchana alimpikia supu. Jioni alimpa chai tena, halafu maziwa. Na chupa ya maji ilikuwa lazima iishe.

Lakini nafuu haikuja. Miguu ilivimba. Soksi ziliacha alama kwenye ngozi. Kutoka kwenye lifti mpaka mlangoni tu, pumzi ilikuwa inamkatika. Mwadi aliogopa. Alidhani maji hayatoshi, akazidi kumhimiza.

Jumamosi moja Précieuse, jirani wa ghorofa ya chini, alikuja kurudisha sufuria. Précieuse ni muuguzi. Anafanya kazi hospitalini huko Jette. Aliiona miguu ya Tshibangu, akasahau sufuria mkononi.

"Tonton, unakunywa kiasi gani kwa siku?"

Mwadi alijibu kwa fahari. "Anamaliza chupa yote! Mimi mwenyewe ninamuchunga. Docteur alisema un litre et demi."

"Maman, alisema afikishe, ao alisema asipitishe?"

Tshibangu alitazama meza.

"Asipitishe," alisema polepole. "Pas plus. Mimi pia nilisahau. Ulikuwa unanimiminia na upendo mingi sana."

Mwadi alifunika uso kwa kitenge. "Basi mimi njo nilikuwa ninakuua!"

Tshibangu alimvuta karibu. "Nyamaza, mama. Hakuna muntu ananichunga kama wewe. Tulikosea sisi wawili."

"Kwanza tupige simu," alisema Précieuse.

Daktari wa zamu alitaka kumwona Tshibangu siku ileile. Alimpima, akambadilishia vidonge, akarudia agizo la daktari wa kwanza: vinywaji vyote pamoja, hata supu, visizidi lita moja na nusu kwa siku. Lakini asiache kunywa.

Kesho yake, baada ya ibada, Précieuse alikuja na karatasi na kalamu nyekundu.

"Maman, kuna namba ya kufikia, na kuna namba ya kutopita. Angalia lifti yetu. Imeandikwa 4, bantu ine tu. Ukiwa peke yako, unapanda. Mukiwa ine, munapanda. Mukiwa tano?"

"Hapana!"

"Voilà. Sasa, lita moja na nusu ni mililita mille cinq cents. Supu ni trois cents. Chai mara mbili, quatre cents. Maziwa, deux cents." Aliziandika: 1500, kisha 300, 400 na 200.

"Neuf cents," alisema Tshibangu, akijumlisha vinywaji vitatu.

"Maji hatuyajui bado, tuyaite x." Précieuse aliandika:

x + 900 ≤ 1500

"Alama hii inasema: upande wa kushoto ni mdogo, ao ni sawa na wa kulia. Hauzidi. Sasa tuondoe neuf cents pande zote mbili."

x ≤ 600

"Kumbe maji ni six cents tu!" Mwadi alishika kifua.

"Six cents, ao chini yake."

Précieuse alichora mstari. Aliandika 0 kushoto na 1500 kulia. Penye 600 aliweka nukta, akaijaza wino. Kisha akapaka rangi kutoka 600 kurudi mpaka 0.

"Nukta nimeijaza kwa sababu six cents yenyewe inaruhusiwa. Kama ingekatazwa, ningeiacha wazi. Maji yote ya tonton yakae ndani ya rangi."

"Cinq cents, 500?" aliuliza Mwadi.

"Iko ndani."

"Sept cents, 700?" aliuliza Tshibangu.

Mwadi aliweka kidole kwenye mstari, akakisogeza kulia. "Iko inje! Donc hapana." Akafikiri. "Na kama akiomba supu mara mbili?"

"Hesabu wewe, maman."

Mwadi alichukua kalamu. Supu sasa ilikuwa 600, na vyote bila maji vilifika 1200. Aliondoa 1200 pande zote mbili, akaandika polepole: x ≤ 300.

"Trois cents!" alipiga kelele, na Tshibangu akampigia makofi.

"Lakini kipimo hiki ni cha tonton peke yake," alisema Précieuse. "Kila mugonjwa aulize docteur wake."

Tangu siku hiyo Mwadi alimimina kwa kikombe cha kupimia. Tshibangu alikunywa kidogo kidogo. Kwa vidonge vipya na kipimo hicho, uvimbe ulianza kupungua, na pumzi ikarudi.

Alasiri moja yenye jua walikwenda kutembea bustanini. Njia ilipanda kidogo. Tshibangu alifika juu, akageuka. Mwadi alikuwa nyuma, ameshika kiuno, anahema.

"Mama, njo wewe unachoka sasa?"

"Ningojee, we mwanaume!" alijibu akicheka.

Tshibangu alishuka, akamshika mkono, wakapanda pamoja.