Nta Isiyokubali Mchaichai

Jua lilikuwa linazama Majaribio alipotoka kwenda kutafuta nta. Alikuwa na hasira kiasi kwamba mguu mmoja alivaa kandambili, mwingine raba.

Jina hilo la Majaribio alipewa na mkewe. Alishajaribu sabuni, ikachubua watu. Akajaribu kufuga sungura, wakatoroka wote siku moja, kama waliopeana taarifa. Sasa ilikuwa mishumaa ya manukato. Mkewe, kabla ya kwenda kumuuguza dada yake, alimwambia kwa upole, na upole ule ulimtisha kuliko kelele: "Mume wangu, hii iwe ya mwisho. Nimechoka kukuonea huruma."

Kesho yake alasiri mama mwenye hoteli angekuja kunusa. Akikubali, mishumaa ya vyumba vyote vya hoteli ni ya Majaribio. Akikataa, basi tena.

Na hakuna kilichokubali! Parafini ilifuka moshi kama jiko la kuni mbichi. Nta ya soya ilipasuka juu kama kisigino. Nta ya nyuki nayo ina kiburi: itie lavenda, itie vanila, yenyewe itanukia asali tu. Wiki mbili za kunusa. Pua imevimba, sufuria zote za mkewe zimegandwa na nta, na kila mshumaa unanukia ama dawa ya mende ama keki iliyoungua.

Alipofika, duka la nta lilikuwa limefungwa. Akaupiga mlango teke. Kwa mguu wa kandambili, bila shaka. Akaruka ruka akishika kidole.

"Nta?"

Bibi mmoja alikuwa ameketi kwenye ngazi za duka, gunia mapajani. Ndani ya gunia, bonge jeupe la nta. Majaribio aliliinamia akanusa. Halikuwa na harufu yoyote... hata ya gunia.

"Hii haibishani na harufu," bibi alinong'ona.

"Bei gani, bibi?"

"Nipe hicho kitambaa chako nijifunike kichwa. Jua limenichoma."

Jua lilikuwa limeshazama.

Kilikuwa kitambaa cha bluu cha mfukoni, alichojifutia jasho mchana kutwa. Majaribio akampa, moyoni akicheka: bibi wa watu kapunjika. Lakini bibi hakujifunika. Alikipeleka puani. Akavuta... taratibu... macho kayafumba.

Majaribio aliondoka haraka kuliko viatu vyake visivyofanana vilivyoruhusu.

Nyumbani aliyeyusha bonge juu ya maji ya moto, akasubiri joto lishuke, akatia mafuta ya mchaichai, akamimina katika glasi ishirini na tano zenye tambi za kuwashia. Asubuhi mishumaa ilikuwa laini juu kama maziwa. Akawasha mmoja. Akanusa.

Hamna kitu.

Akamwita jirani yake mshonaji, pengine pua yake mwenyewe ndiyo iliyochoka. Mshonaji alikuja na sindano mdomoni, akavuta pumzi, sindano ikaanguka.

"Umeipata wapi tumbaku ya mzee wangu?"

"Tumbaku gani? Mchaichai huo!"

"Kiko cha baba, na koti lake lililolowa mvua. Miaka kumi na moja tangu tumzike." Mshonaji alirudi kinyumenyume hadi mlangoni. "Zima, jirani. Tafadhali."

"Nenda kashone! Pua yenyewe huna!"

Hakuzima. Mama mwenye hoteli alipofika alasiri, mshumaa ulikuwa bado unawaka. Aliuinamia. Akafumba macho. Majaribio akaanza kujitetea: "Mama, huu mchaichai ukipata hewa kidogo..."

"Poda," alisema. "Poda na maziwa. Nywele zake akitoka kuoga." Chozi likadondokea kwenye nta. Tss... "Mwanangu hakufikisha hata mwaka."

Akajifuta uso. "Naichukua yote. Leo hii."

Mishumaa ishirini na minne ikaingia kwenye gari. Ukabaki ule mmoja unaowaka.

Mtu mwingine angecheza. Majaribio alikaa akinuna. Wiki mbili za jasho, na hakuna hata mmoja aliyemnusia mchaichai wake! Tumbaku. Poda. Baba wa mshonaji. Mtoto wa yule mama...

Baba aliyekufa.

Mtoto aliyekufa.

Komeo la geti likalia. Giza lilikuwa linaingia, na mkewe alikuwa amerudi.

"Leo umeshinda ndani, ee?" alisema akivua viatu. "Nimekunusa tangu getini."

"Umenusa... mchaichai?"

"Mchaichai gani? Wewe. Jasho lako, ile dawa ya mgongo, na kahawa unayolinywesha shati." Akasogea. Si kwa mumewe. Kwa mshumaa. "Hee! Kumbe inatoka humu."

Majaribio alitaka kucheka. Midomo ikakataa.

"Nusa tena," alinong'ona. "Labda ni marehemu baba yako."

"Baba hakuwahi kuumwa mgongo." Akamtazama mumewe mfukoni. "Kile kitambaa nilichokununulia kiko wapi?"

Majaribio akajipapasa mfuko mtupu. Mkewe, asiyependa kitu kiteketee bure, akainama, akapuliza kidogo.

Moto ukalala. Kifua cha Majaribio kikabana. Pumzi ikakatika... chumba kikazunguka...

Moto ukasimama tena. Pumzi ikarudi.

"Usi... usipulize!"

Mkewe alishauona uso wake. Aliuziba mshumaa upepo kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayekinga kifaranga. Walikaa hivyo wakiutazama.

"Ilikuwa mingapi?" mke akauliza mwishowe.

"Ishirini na mitano."

"Mingine iko wapi?"

Majaribio alielekeza kidole dirishani. Kule ng'ambo, madirisha ya hoteli yalikuwa yanaanza kuwaka mwanga mdogo wa njano. Moja. Matatu. Tisa.

Mkewe aliyahesabu kwa macho.

"Wageni wa pale," alinong'ona, "huwa wanalala saa ngapi?"