Mgeni Kwenye Orodha ya Fonti

Ilianza na mstari mtupu. Kwenye orodha ya mitindo ya fonti, chini ya Bold, yaani herufi nene, palikuwa na nafasi isiyo na jina, na Wandera alipoibofya, ikabofyeka.

Wandera alichapisha ratiba za mazishi mjini Kakamega. Sheria ya duka: jina la marehemu herufi nene, waliobaki herufi nyembamba. Lakini fonti zake za kuokota mtandaoni hazikuelewana. Unene ule ule huku uliitwa Bold, kule Heavy, kwingine Black, kama mheshimiwa anayehama vyama na kitambi ni kile kile. Kompyuta ikawa inauliza kila mtindo ni upi, inauliza, mpaka akachoka, akaiamuru: mtindo wowote usioujua, upokee kama mnene.

Basi, hata ule usio na jina ukapokelewa.

Printa ikakohoa mara mbili. Kwenye ratiba ya mzee Shikanga, jina la mwanawe Osiako, aliyesimama pale mzima kama fahali, likatoka nene.

"Kumbe nimenona!" Osiako akacheka. "Na hii mashine inakohoanga hivi?"

Wiki iliyofuata, ndugu zake walirudi kuchapisha ratiba yake.

Mchungaji aliiombea printa hadi shati likalowa. Ilimjibu kwa karatasi moja tupu, inanuka udongo wa kaburi.

Kisha mama mkwe wa Wandera akafariki. Kwenye orodha ya wajukuu: Mitchel, binti wa Wandera, miaka saba.

"Baba Mitchel," Khalayi, mkewe, akanong'ona, "ile amri umefuta?"

"Nimefuta."

"Na ule mstari?"

"Ungali."

Akafuta jina la mtoto, akachapisha. Karatasi ikatoka salama, na pengo pale jina lilipokuwa.

"Ndugu zangu watasema tumemkana mtoto," Khalayi akasema, akilia. "Mwandike hata kwa mkono."

Wandera akachukua biro, akachomoa waya wa printa ukutani, akaandika kwa herufi nyembamba kama unywele, akiinua mkono kila baada ya herufi, akipuliza, akiomba, na wote wawili wakainama wakitazama ule wino ukitulia, ukikauka, kisha taratibu, bila kuguswa na mtu, ukaanza kunenepa.

Nyuma yao, kwenye benchi alipokuwa akipaka rangi picha zake, Mitchel akakohoa.

Mara mbili.