Posa ya Kiwanjani

"Mwanangu, hii miche ya uzio nimeiloweka tangu jana. Ukichelewa kuipanda itakufa, halafu utanilaumu mimi," Mkunga alisema, akalitua gunia lililolowa maji katikati ya chumba cha kushonea, juu ya vipande vya vitambaa.

Fundi, binti mwenye duka, aliacha cherehani ikiwa na suruali ya mtu mdomoni, akainuka kumkumbatia yule mama kama aliyemzaa.

Kwenye benchi la wateja, Asali, kijana mpenzi wa Fundi, alitamani ardhi ipasuke immeze. Na ubaya wenyewe ni kwamba ardhi ndiyo iliyomfikisha hapo.

Mkunga alikuwa mjane na mstaafu. Nusu ya watu wa mtaa ule walizaliwa mikononi mwake, na mpaka leo akipishana na mwanamume mzima mwenye ndevu zake humkumbusha mbele za watu kwamba alizaliwa akitanguliza miguu. Marehemu mumewe alimwachia shamba pembezoni mwa mji, pori tupu, nyasi za kufika kiunoni na kichuguu kimoja katikati. Tangu barabara ya lami isogee upande ule, kampuni za kujenga nyumba zilikuwa zikilitolea macho lile pori.

Mkunga akakaa, akaanza kusimulia upya jinsi mabwana wa kampuni, wale wa tai, walivyomfuata, naye akawatajia bei mpaka wakapata kizunguzungu. Fundi alishaijua hadithi hiyo lakini alicheka pale pale alipozoea kucheka.

"Ninyi nikawapunguzia hadi wanangu wakasema nimerogwa," Mkunga alisema. "Nikawaambia, simpunguzii kijana, nampunguzia huyu binti. Ameingia kwenye nyasi zile, swali lake la kwanza, upepo unatoka wapi, ajue choo kikae upande gani. Nikasema huyu anakuja kuishi."

Fundi alimwonyesha meza ya kukatia nguo. Alikuwa ameichora nyumba nzima kwa chaki ya fundi, na wateja walikatazwa kuegemea sebule.

Simu ya Asali ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa Meneja, bosi wake:

"Alhamisi asubuhi kwa wakili, bibi anamalizia kusaini. Njoo na yule binti, akimwona hulainika."

Asali aliilaza simu kifudifudi benchini, akatabasamu. Kutabasamu ndiyo ilikuwa kazi yake.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe. Asali alikuwa dalali wa kampuni ya nyumba, na jina la Asali alipewa na wenzake kwa sababu ya ulimi wake. Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Yeye alilipwa kuwatoa wenye mashamba. Mtindo wao uliitwa kutanguliza familia. Mwenye shamba akiona kampuni, bei hupaa. Akiona kijana na mchumba wake wanatafuta pa kuanzia maisha, huruma humwingia. Basi dalali hununua kwa jina lake, kwa hela ya kampuni, halafu akishakabidhiwa hati huihamishia kampuni kimya kimya. Madalali wengine walikodi hata mabinamu wakajifanya wake zao. Asali hakuhitaji kukodi, alikuwa na mpenzi wa kweli, na akajidanganya kwamba ukweli huo unapunguza uongo.

Siku ya kwanza kule shambani Mkunga alipouliza huyu binti ni nani, Asali alijibu bila hata kumeza mate.

"Huyu ni mchumba wangu, Mama. Tunatafuta pa kuweka vichwa vyetu."

Fundi hakuwahi kuitwa mchumba na mtu yeyote, na Asali mwenyewe hakuwahi kumtamkia. Aligeuka akatazama nyasi ili wasione macho yake. Jioni ile alimpigia simu mama yake, dada yake, na mteja mmoja ambaye wala hakuhusika.

Ndiyo maana gunia lile lilimtesa Asali. Mkunga alipoondoka tu, Fundi alifunga duka, akasema miche haisubiri. Asali akaleta habari za jua kali, kazi nyingi, viatu vyake vipya. Fundi akamwambia kwa utani kwamba akikwepa leo, atajua pale kiwanjani kuna mke mwenzie.

Wakaenda. Walikuta nyasi zimelazwa kwa matairi ya gari. Vijana watatu walikuwa wakivuta utepe, na vigingi vyekundu vimepandwa kuanzia barabarani mpaka kwenye kichuguu, vimekaribiana kama meno. Meneja hakuwa na subira hata ya kungoja Alhamisi.

Fundi aliwasalimia, kisha akawauliza kwa upole kama hawajakosea shamba, maana hili ni la kwao na wanataka kujenga nyumba moja tu.

Mkubwa wa wapimaji alikuwa mtu mchangamfu, wala hakuwa na nia mbaya. Alimwona Asali nyuma akamnyooshea mkono.

"Kumbe umekuja na bosi! Dada, hapa zinakuja nyumba za ghorofa, mtaa mzima." Akamtazama Fundi vizuri zaidi, uso ukamng'aa. "Wewe ndiye yule binti wa Asali? Ofisini wanakusifu sana. Wanasema bila wewe yule bibi asingeshuka bei."

Fundi hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliliweka gunia chini taratibu, akalifungua mdomo miche ipate hewa, kisha akamgeukia Asali.

"Nina swali moja."

"Fundi, nilitaka kukuambia..."

"Ile siku uliyomwambia Mkunga mimi ni mchumba wako. Ulikuwa unanichumbia, au ulikuwa kazini?"

Yule mwenye ulimi wa asali akaanza kupima majibu. Angesema nakuchumbia, angekuwa anauza tena. Angesema nilikuwa kazini, ndiyo kwaheri. Wapimaji waliinamia utepe wao wakajifanya hesabu imewachanganya.

"Nimemweleza mama yangu," Fundi alisema. "Nimemwambia umenitambulisha kwa heshima, mbele ya mtu mzima, juu ya ardhi yetu. Alilia kwa furaha. Sasa nikamwambie nini? Kwamba nilikuwa chambo?"

"Nakupenda. Hilo si la uongo."

"Ndiyo ubaya wake. Ungekuwa hunipendi ningeelewa. Umechukua kitu cha kweli ukakifanya chambo."

Akaondoka kwa miguu kuelekea lami. Asali alibaki na gunia, na mkubwa wa wapimaji akamuuliza kwa sauti ya chini kama kigingi cha kona kikae hapo au kisogee.

Alimpigia Fundi, simu ikaita mpaka ikachoka. Alipita dukani, akakuta mlango umerudishwa na cherehani inalia ndani kwa hasira, akakosa ujasiri wa kubisha. Aliandika jumbe ndefu akazifuta, kwa sababu kila alichoandika kilikuwa kitamu, na utamu wake ulianza kumkinaisha. Mwishowe ukaja ujumbe mmoja kutoka kwa Fundi:

"Alhamisi nitakuja kwa wakili kama ulivyopanga. Sitasema kitu. Nitakaa pembeni yako. Ukinyamaza, na mimi nitanyamaza, nitaweka na sahihi ya shahidi, tutakuwa wezi wawili. Ila baada ya hapo usinijue nisikujue."

Asali aliusoma kama mtu anayesoma hukumu yake. Siku zote mbili alijiambia kwamba Alhamisi haina haja ya kufika. Ikafika.

Ofisi ya wakili ilikuwa na feni inayozunguka bila kupoza mtu, na viti vya plastiki vilivyopangwa ukutani. Mkunga alikuja amevaa gauni alilolishona Fundi, amejipaka mafuta, na kabla hajakaa alikwishamtania wakili kuhusu kitambi. Meneja alisubiri kwenye gari, ng'ambo ya barabara, kama desturi yao ilivyotaka. Fundi aliketi kando ya Asali. Harufu ya pasi na kitambaa kipya ilikuwa bado mwilini mwake, na kwa Asali ule ukaribu ulikuwa mbaya kuliko kuachwa.

Mkunga akaishika kalamu. Akaangalia wawili hao, akaguna.

"Mbona mmenuna? Mmegombana? Ugomvi wa kwenye ujenzi haukwepeki. Mimi na marehemu tuligombania dirisha, mpaka anakufa aliamini nimelikosea."

Fundi akainamisha uso. Asali aliona tone likidondoka juu ya mkono wa Fundi, naye akalifuta haraka kwa kidole gumba.

Wakili akaonyesha mahali pa kusaini. Kalamu ikagusa karatasi.

"Mama," Asali alisema. "Usisaini."

Mkunga akamtazama juu ya miwani.

"Mnunuzi si mimi. Ni kampuni, wale wale wa tai. Hela uliyopokea ni yao. Mimi ni dalali wao. Nilikuja na huyu kwako ili utuonee huruma, ushushe bei. Yeye hakujua. Miche yako aliipeleka kwa moyo mmoja, akakutana na vigingi."

Wakili alijifanya anatafuta miwani, nayo iko usoni. Mkunga aliiweka kalamu chini.

"Nimesikia watu wakilia kwamba wameuziwa mbuzi kwenye gunia," alisema polepole. "Ni mara ya kwanza namwona muuzaji ndiye kauziwa."

"Nisamehe, Mama."

"Leo hapana. Leo nina hasira, nikikusamehe nitakuwa nakudanganya, na wadanganyifu humu tayari wapo." Akamgeukia Fundi. "Na wewe, ulijua?"

"Tangu juzi, Mama. Nikaja nikae kimya nione kama atasema. Na mimi nimekukosea."

"Umenikosea, ndiyo," Mkunga alisema, akamshika mkono. "Ila kidogo."

Kisha akamuuliza Asali bosi wake yuko wapi. Akaelekezwa kwenye gari. Akamtuma wakili amwite, na Meneja alipoingia huku akirekebisha tai, Mkunga alimkaribisha kiti kwa adabu zote. Akamweleza kwamba hajawahi kukataa kuuza, alichokataa ni kupunjwa. Shamba lipo, bei ni ile ya mwanzo, na kona ya juu, ile ya kukaribia barabara, imetoka kwenye biashara. Meneja alijaribu kutabasamu. Mkunga akamwambia afunge mdomo, anamkumbuka, alimzalisha mama yake kwa shida sana na hata wakati ule alikuwa anang'ang'ania pasipo pake.

Kampuni ikanunua kwa bei ile, maana mchoro wa maghorofa ulikwishachorwa na matangazo yalikwishabandikwa. Asali alifukuzwa kazi kabla ya kufika nyumbani. Habari zilimtangulia mtaani. Akipita, watu walikuwa wakikohoa. Hakuna aliyemwita Asali tena, na yeye mwenyewe alilichukia jina. Alipata kibarua cha kupakua saruji, akalala na vumbi puani, na kila alipopita duka la Fundi aliiona ile meza kupitia dirishani. Nyumba ya chaki ilikuwa imefutwa.

Mvua zilianza na kwisha. Siku moja simu ikaita. Alitazama jina, akakaa chini juu ya mfuko wa saruji kabla ya kupokea.

"Uko wapi?" Fundi aliuliza.

"Kibaruani."

"Mkunga ameniuzia ile kona, nalipa kidogo kidogo. Hati ina jina langu, peke yangu."

"Hongera. Nimefurahi, kweli."

Cherehani ilisikika ikizungushwa mara moja, ikasimama.

"Kesho uje na sururu," Fundi alisema, akakata.

Ujenzi huanza na choo, mafundi hawawezi kufanya kazi pasipo pa kujisitiri. Fundi alikuwa amekwishapima upepo akachora mduara kwa jivu. Ile miche ya gunia, ambayo Fundi alirudi kuipanda, ilikuwa imeshika mpakani, yote imechipua isipokuwa michache. Asali alipofika, Fundi hakumsalimia kwa mengi, alimwonyesha mduara. Asali akavua shati, akachimba.

Alichimba siku hiyo na iliyofuata. Upande wa pili magari ya kampuni yalimwaga mchanga, na vijana wa zamani wa ofisini walisimama wakamtazama dalali wao akizama kidogo kidogo kwenye shimo la choo cha mwanamke waliyemfanya chambo. Mmoja alipiga picha. Asali alitaka kujificha, kisha akakumbuka kwamba yuko shimoni tayari, hakuna pa kwenda zaidi ya chini. Akaendelea. Mkunga alikuja na kigoda chake akaketi kusimamia, na kila ndoo ilipotoka alisema udongo wa mwaka huu ni mwingi.

Alasiri ya pili mkubwa wa wapimaji alipita kuangalia kigingi chake. Aliona ndoo ikipanda na kushuka, lakini mchimbaji alikwishazama asionekane. Akamuuliza Fundi amempata wapi mtu mwenye bidii hivyo, na ni nani wake.

Chini, sururu ilisimama. Asali alishikilia mpini, akangoja, vumbi limemjaa kwenye kope. Aliisikia pumzi yake mwenyewe ikigonga kuta za udongo.

Fundi alichungulia shimoni, akamtazama yule mtu aliyechafuka kuanzia nywele hadi kidole cha mguu.

"Huyu anachimba choo," alimjibu mpimaji. "Akimaliza, akaoga, atakwenda kwa mama yangu. Ataniposa huko, na mtu mzima wa kwao pembeni, mahali ambapo hakuna shamba linalouzwa. Akirudi na jibu ndipo nitakuambia ni nani wangu."

Kisha akaishusha ndoo kwa kamba. Ndani yake, badala ya kuwa tupu, kulikuwa na kopo la maji ya kunywa. Asali aliyanywa kwa kichwa kilichoinama, akamrudishia kopo, akaendelea kuchimba.