Kivinjari cha Tonton Chande

Kila Jumamosi asubuhi nilipanda tramu kwenda darasa la Kiswahili hapa mtaani kwetu Schaerbeek, ugenini, na kila Jumamosi nilimkuta Cédric amekalia kiti changu. Hatukupendana. Yeye aliniita Maman Intaneti. Mimi nilimwambia viatu vyake vinapiga miayo, soli zimeachama. Basi Mwalimu Mauwa, kwa huruma zake, akatupa kazi ya pamoja: bango moja, alama moja, kuhusu historia ya vivinjari, zile programu za kufungulia kurasa za mtandaoni. Kama tungeanguka, tungerudia muhula sote wawili.

Jumatano Cédric alileta maelezo ya maktaba. Kivinjari cha kwanza kiliandikwa mwaka 1990, katika kituo cha fizikia karibu na Geneva, na kilifanya kazi kwenye kompyuta za aina moja tu. Kisha mwanafunzi mmoja wa kike akaandika kingine cha maneno matupu, kilichofunguka kwenye karibu kila kompyuta. Mwaka 1993 kikaja kilichoweka picha na maneno kwenye ukurasa mmoja, watu wakakikimbilia. Tukaandika hayo yote, bila kutazamana.

Nikaenda na bango nyumbani. Tonton Chande, mjomba wangu, akalisoma na kucheka. Bon, akasema, kivinjari cha kwanza duniani ni kile chenye alama ya herufi e ya buluu. Alikiona kwa macho yake kwenye duka la intaneti Bujumbura. Kwetu mtoto hamsahihishi mkubwa. Nikafuta maneno ya Cédric, nikaandika ya tonton kwa kalamu nene.

Jumamosi ukumbi ulijaa wazazi waliokuja kusikiliza mabango yetu. Tonton alikaa mstari wa mbele, amevaa tai, amekwishawaambia wazee wote kwamba leo watasikia maneno yake. Cédric alipoliona bango, uso ulimbadilika.

"Umetuua," akaninong'oneza. "Soma sasa. Au ulimi umeusahau kwenye tramu?"

Nikasoma. Mwalimu Mauwa akaniuliza nimejuaje hayo. Nikamgeukia tonton.

"Tonton, unisamehe," nikasema. "Herufi ya buluu ilikuwa ya kwanza kwako. Duniani ilitanguliwa na vivinjari vingine."

Nikaeleza yote, kuanzia Geneva. Mzee mmoja akaangua kicheko. Tonton akaomba karatasi za maktaba, akazisoma kwa kidole, taratibu, ukumbi mzima ukimsubiri. Mwalimu akatuamuru tusahihishe bango palepale, mbele ya watu. Tukapita, kwa alama ya mwisho kabisa ya kupita.

Mlangoni tonton alinisimamisha. Hakuwa anatabasamu.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumatano."

"Basi hilo ndilo kosa lako. Mkubwa akivaa shati kinyume, mwambie nyumbani, kwa adabu. Usimwache afike nalo kwenye umati wa Porte de Namur. Kuninyamazia si heshima, binti. Ni kunipeleka nikachekwe."

Nyuma yangu Cédric akacheka. Tonton akamgeukia, akamkagua kutoka kichwani hadi miguuni.

"Na wewe pia mtu akuambie ukweli mapema. Viatu vyako vinapiga miayo."