Nyuzi za Seli Zilizozeeka

Kila Jumamosi asubuhi, nyumbani kwao Aila mjini Duluth, Marekani, bibi yake Lempi alikanda mkate wa iliki. Aila, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika mezani. Lakini majira yale ya baridi mikono ya Bibi ilikauka, ikapasuka na kubambuka kama maganda ya kitunguu. Siku moja Aila aliona kipande cheupe cha ngozi kikidondoka kwenye unga. Mkate ulipoiva, akatema tonge mbele ya watu wote.

"Mkate una ngozi yako ndani, Bibi," alisema. "Ni uchafu."

Bibi akainuka, akaondoka mezani. Tangu siku ile alikula peke yake chumbani.

Mama yake Aila, Karin, alikuwa mtafiti katika maabara ya chuo. Hakumgombeza. Alimchukua kazini, akamwambia achungulie kwenye hadubini. Seli za kwanza zilikuwa nyembamba, zimejipanga vizuri, na ndani yake ziling'aa nyuzi za protini zilizotiwa rangi. Mama akamweleza kwamba nyuzi hizo ndizo zinazoipa seli umbo na kuiwezesha kusogea. Kisha akaweka kioo kingine chenye seli. Hizi zilikuwa zimetanuka ovyo kama makamasi yaliyomwagika, zimejaa nyuzi nene zilizosongamana. Aila akarudi nyuma, uso ameukunja.

"Hizi zinatia kinyaa, Mama. Ni za mzee gani?"

"Za mtoto mchanga," Mama alisema. "Zote ni za mtoto yuleyule. Hizi zimegawanyika humu maabarani mara nyingi mpaka zikazeeka, na nyuzi zake zikabadilika. Zako nazo zitabadilika."

Aila akatazama viganja vyake. Kichefuchefu hakikumwisha, ila sasa alijichukia mwenyewe kwa maneno aliyoyasema.

Jioni alimgongea Bibi mlango, mkononi ana kopo la mafuta.

"Nisamehe, Bibi. Nilikukosea adabu. Naomba nikupake."

"Hutatapika?"

"Labda nitatapika. Lakini nitakupaka."

Bibi akacheka, akanyoosha mikono. Magamba yalimnata Aila vidoleni. Alimeza mate kwa nguvu, akaendelea kupaka kila ufa. Wakakubaliana kwamba yeye ndiye atakayekanda unga mpaka mikono ya Bibi ipone. Usiku ule Bibi alikula mezani pamoja nao.

"Kuona kinyaa si kosa, mwanangu," Mama alimwambia walipokuwa wakiosha vyombo. "Kosa ni kumfanya mtu auonee aibu mwili wake kwa kuwa umezeeka. Ukiona mkono umepasuka, tafuta mafuta kwanza, si maneno."