Sauti ya Mtu Unayemwamini

Mchana ule nilikuwa nafua nepi bombani, hapa kambini kwa polisi, jua linachoma, wenzangu wawili wanabishana bei ya mkaa, ndipo simu zetu tatu zikalia kwa pamoja. Mlio mmoja. Amito akasema, "Mabwana wametukumbuka," tukacheka, maana waume zetu wote wako kazini Karamoja na Oryem wangu hapigi simu mchana.

Ulikuwa ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la kina mama wa kambi. Namba ya aliyetuma haikuonekana. Ulisema watoto waliotiwa wino kidoleni, wale waliopewa matone ya polio nyumba kwa nyumba mwezi uliopita, wametiwa alama. Wakiugua wasipelekwe hospitali. Huko ndiko wanakomaliziwa.

Abalo akakaa chini, kwenye matope. Alikuwa amemzika binti yake majuzi tu. Mtoto yule alibanwa kifua hata kabla ya hayo matone, sote tulimsikia akikohoa, na nesi alimwambia Abalo labda ni hiki, labda ni kile. Sauti ile haikusema labda hata mara moja.

"Pasta wangu hawezi kudanganya," Abalo akanong'ona.

"Pasta gani? Huyo ni Okwir, kaka yangu wa Gulu," akasema Amito.

"Kaka yako mlevi ndiye anaongea vizuri hivi?"

"Mlevi, ndiyo. Mimi hajanidanganya."

Mimi niliyemsikia ni mama yangu. Alikuwa anaongea Kinubi, lugha ya kwetu, polepole, kama alivyoongea akinisuka nywele. Mama tulimzika nyumbani kwetu Bombo mwaka juzi.

Msinicheke, niliamini. Nimesoma mpaka sekondari, baiolojia nilifaulu, na niliamini, kwa sababu nilikuwa na hamu mno ya mama. Na Abalo usiku huo alilala, mara ya kwanza tangu mazishi, alitwambia mwenyewe asubuhi, uso umetulia, kwa sababu sasa alikuwa na mtu wa kumchukia. Nani angethubutu kumnyang'anya?

Siku hiyo ya pili Oyet wangu akachemka. Ana mwaka na nusu, kidole chake cha mwisho bado kilikuwa na wino. Alikataa ziwa. Adhuhuri macho yakaanza kugeuka. Nikamfunga mgongoni, nikafika mlangoni, na simu niliyoiweka kifuani ikaanza kuongea. Sikuwa nimeigusa.

"Husnah. Rudi ndani."

Mama.

"Rudi ndani, mwanangu. Watamchukua."

Nikasimama kizingitini. Mtoto ananiunguza mgongo. Abalo alikuwa amesimama nje, katikati ya njia, mikono ameitandaza. Nyuma yake kina mama wa kambi, kila mmoja simu sikioni.

"Mama Oyet," akanong'ona, "hata pasta anasema urudi."

Hapo kitu kikanipanda. Nilipougua surua nikiwa mdogo, mama alinibeba mgongoni, mvua inanyesha, akagombana na askari wa geti la hospitali mpaka akafunguliwa. Mama yangu aniambie rudi ndani, na mtoto anakufa? Mama yangu?

"Wewe si mama," nikaiambia simu. "Sauti umeichukua. Yeye hukumpata."

Ikacheka. Kicheko chake kabisa. Nikaizima, kioo kikawa cheusi.

Kicheko kikaendelea.

"Pisha, Abalo."

"Ukimzika usije kulia kwangu."

"Sitakuja. Pisha."

Sikumsukuma. Nilipita ubavuni mwake, na hakunishika.

Ilikuwa malaria. Walimtundikia dripu, akalia, akalala, na siku tuliporuhusiwa kurudi nyumbani alikuwa anamvuta nesi kofia. Muda wote huo simu ilikaa imezimwa, chini ya nguo kwenye mfuko. Nilipoiwasha, wa kwanza kupiga alikuwa mdogo wangu Jamilah, anayekaa mtaa wa Kansanga.

"Nimekusikia, dada," akasema kwa sauti ya chini. "Wanangu hawaendi hospitali tena."

"Umesikia nini?"

"Ujumbe wako. Angekuwa mtu mwingine ningempuuza. Lakini ni wewe, na Oyet analia nyuma yako."

Nilipanda boda mpaka Kansanga. Tuliusikiliza pamoja, mlango umefungwa. Namba iliyoutuma ni yangu. Jamilah alinisikia mimi, mimi nikamsikia mama. Ila kile kilio cha nyuma tulikisikia sawasawa sote wawili. Ni Oyet, anachomwa sindano ya dripu. Wodini. Simu ikiwa imezimwa.

Ujumbe tumeufuta, ila Jamilah bado anaogopa. Watoto wake wakiugua nitawapeleka hospitali mimi, yeye anune atakavyo, na atakayesimama njiani nitampita kama nilivyompita Abalo.

Haya nimeyaandika ili yasiwe na sauti ya mtu. Kwa mdomo sitamsimulia mwingine yeyote, naahidi, hata Oryem akirudi. Kwa hiyo ukiyasikia siku moja, yakisemwa kwa sauti yangu, usikilize nyuma nani analia, kisha uzime. Si mimi.